Ukungu wa Kilulunyi

Asubuhi mayai yalipoanguliwa, Wawuda Mwaighacho alikuwa juu ya mnara wa tatu akikwangua magadi kwenye sahani za ukungu kwa kisu cha jikoni. Maji ya bwawa yalikuwa na chumvichumvi, na sahani ikishika magadi hutoa matone makubwa yanayoanguka chini kama mvua ya uongo badala ya kuelea. Sahani yenyewe ilikuwa bamba jembamba linalotetemeka kwa kasi ambayo sikio la mtu haliisikii. Maji yakipita juu yake huvunjika yakawa vumbi, laini kuliko unga. Minara ya namna hiyo iliuzunguka Msitu wa Kilulunyi pande zote. Tangu mawingu yalipopanda juu na kuacha kugusa vilele vya Taita, hapakuwa na ukungu mwingine katika milima ile ila huo wa Wawuda.

"Shemeji! Shemeji Wawuda, shuka!"

Chini alisimama Maghanga, mume wa Saru mdogo wake, mtu aliyewalea ndege wa Kilulunyi waitwao kuruwiji kwa miaka tisa na ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti ndani ya msitu. Wawuda alishuka ngazi harakaharaka akidhani kuna mtu ameumia.

"Wameanguliwa," Maghanga alisema, akihema. "Wawili kiota cha Mkiwa, na yai la tatu lina ufa. Kiota cha pili bado, lakini kesho haiishi bila wao kutoka."

"Hongera," Wawuda alisema, kisha wote wawili wakainua macho kutazama kitu kilekile. Ukungu ulikuwa umelala juu ya miti, mzito, mweupe, bila kusogea.

"Unajua ninachokuja kuomba, shemeji."

"Najua."

"Msimu wa juzi niliokota makinda. Msimu uliopita nikaokota tena. Unamkuta amekaa hivi." Maghanga alinyoosha shingo, akafungua mdomo wazi, na Wawuda akatazama kando. "Hajafa njaa, mama yake amemlisha vizuri. Amekufa akitafuta hewa. Mkiwa amezeeka, na yule jike mwenzake si kijana. Wakiwapoteza hawa, tutabaki na madume watano wanaoimba kutwa wakimwita jike ambaye hayupo. Mimi siwezi kuokota tena. Kweli, siwezi."

Daktari wa wanyama aliwapasua makinda wale akakuta mapafu yamejaa kuvu. Ukungu wa zamani ulikuja na upepo na kuondoka na upepo. Saa nne ikifika jua limekwisha kausha viota. Ukungu wa mitambo haukuwa na pa kwenda. Ulitulia ndani ya bonde kutwa kucha, na kila kiota kikawa kama mkate uliosahauliwa kabatini. Walikuwa wamejaribu kuwalea makinda ndani ya nyumba, kwenye joto na hewa kavu, na wale nao walikufa, kwa sababu kuruwiji hukubali chakula kwa mama yake tu.

"Wiki nne," Maghanga alisema. "Mpaka waruke. Kisha uufungue tena, hata usiufunge maisha."

"Na mwamba?"

Maghanga alivua kofia, akaikung'uta maji, akaivaa tena.

Upande wa mashariki wa bonde ulisimama mwamba mrefu, na uso wake mzima ulivikwa kuvumwani: mmea mfupi kama manyoya ya paka, wa kijani kinachokaribia buluu, usiopatikana penginepo popote duniani. Haukuwa na mizizi. Ulikunywa ukungu kwa majani yake, siku zote, na ukungu ukikosekana haukuwa na akiba yoyote. Mwaka uliopita Wawuda alijaribu kugawa, ukungu nusu ya siku na jua nusu ya siku. Makinda walikufa vilevile, na ukingo wote wa juu wa kuvumwani ukageuka rangi ya tumbaku.

"Sijasema mwamba hauna thamani," Maghanga alisema hatimaye. "Lakini mimi sijawahi kuukuta unanisubiri asubuhi."

*

Wawuda hakuwa na ruhusa ya kufunga ukungu kabla ya kumuuliza Mpimaji. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika vituo vyote vya Hazina ya Viumbe, shirika lililojenga minara ile. Zamani watu wa Hazina walikuwa wakigombana wao kwa wao kuhusu kiumbe yupi apewe maji na yupi aachwe, mpaka wengine wakafikishana mahakamani. Ndipo wakaunda Mpimaji, wakiamini kwamba mashine haina mjomba wala kijiji. Pale Kilulunyi ilikuwa kisanduku cha kijivu juu ya meza ya chumba cha mitambo, chenye sauti tulivu na Kiswahili kilichonyooka mno kuliko cha mtu yeyote aliyezaliwa na mama.

"Habari za asubuhi, Bi Wawuda. Nimepokea ombi la kufunga ukungu kwa wiki nne. Nitalinganisha viumbe wawili. Kuruwiji ni wangapi?"

"Saba. Na makinda wawili wa leo."

"Wanapatikana penginepo?"

"Hapana."

"Wanahisi maumivu?"

"Ndiyo."

"Kwa sasa watu elfu arobaini wanatazama kamera ya kiota. Nimeliandika hilo. Tuendelee na kuvumwani. Inapatikana penginepo?"

"Hapana."

"Inahisi maumivu?"

Wawuda alifikiri kidogo. "Hakuna anayejua. Nadhani hapana."

"Kamera ya mwamba kwa kawaida ina mtazamaji mmoja."

Wawuda alimjua mtazamaji huyo. Alikuwa Mwalimu Mkawasi, nyumbani kwake Wundanyi, siku ambazo magoti yalikataa kumpandisha mlima.

"Kuvumwani ni ngapi?" Mpimaji aliuliza.

"Ngapi vipi?"

"Idadi ya viumbe hai."

"Imetanda kama zulia. Hilo unalihesabuje?"

"Naweza kukadiria. Kwa picha nilizo nazo, vichipukizi ni takriban milioni sitini. Nikiweka idadi hiyo, kuruwiji wanatangulia kwa mbali na nitapendekeza ukungu ufungwe. Lakini Profesa Mkawasi ameandika kwamba kuvumwani yote ni mmea mmoja. Nikiweka moja, kuvumwani inatangulia, na nitapendekeza ukungu uendelee. Wewe ndiye msimamizi wa eneo. Nasubiri jibu lako."

Wawuda aliketi. Alikuwa amezoea kuiona mashine ile kama mzani wa sokoni; unaweka mzigo, unasoma. Sasa ilikuwa imemrudishia mzigo wote mkononi.

Maghanga alikuwa amesimama mlangoni, matope yakidondoka kwenye buti zake. Alikuwa amesikia yote.

"Sema milioni sitini," alisema. "Si ndivyo ilivyo? Ukikata kipande cha kuvumwani ukakiweka kando, vyote viwili vinaishi. Mkate kuruwiji uone kama utapata wawili."

"Wacha nimuulize Mwalimu kwanza."

"Mwalimu! Shemeji, unajua Mwalimu atakujibu nini."

"Najua. Lakini si haki nimjibie nikiwa huku chini."

*

Mwalimu Mkawasi alikuwa chini ya mwamba, ameketi kwenye kigoda cha plastiki, koti la mvua limefungwa mpaka kidevuni. Alimfundisha Wawuda baiolojia shule ya upili, kabla hajaenda chuo kikuu na kurudi na uprofesa ambao pale mlimani hakuna aliyeutumia kumwitia. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba Wawuda alimwona alipofika hatua chache tu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wameanguliwa, nimesikia Maghanga akikuita. Na sasa mashine imekuuliza idadi."

"Umejuaje?"

"Iliniuliza mimi mwaka jana. Nikaijibu, mmoja. Ikaniambia mimi si msimamizi."

Wawuda alichuchumaa kando yake. Karibu hivi, kuvumwani ilikuwa imeshika matone madogo kwenye kila ncha, na mwamba mzima ulikuwa kama unapumua.

"Ni mmoja, kweli?"

"Huyu ni jike," Mwalimu alisema. Hakuwahi kuuita mmea ule kwa namna nyingine. Wanafunzi wake walikuwa wakicheka zamani. "Wote huu unaouona ni jike. Kuvumwani wana dume na jike, na dume lake nimelitafuta miaka thelathini. Nimelitafuta Kasigau, nikalitafuta Sagalla, nikavuka mpaka Usambara. Halipo. Kwa hiyo hazai. Hutambaa tu. Kipande kinaanguka, kinashika jiwe, na ni yeye yuleyule. Alikuwa hapa kabla ya mtu wa kwanza kupanda mlima huu na jembe. Ukinibana kisayansi, nitakwambia ni mmoja. Ukinibana zaidi, nitakwambia sijui. Nadhani neno 'mmoja' lilitungwa kwa ajili ya watu na ng'ombe."

"Ulitufundisha kwamba kuna kuvumwani zinazokauka miaka mingi, zikapata maji, zikafufuka."

"Zile za nyika. Zimezoea. Huyu hajawahi kukauka tangu alipoanza kuishi, atajuaje kufufuka? Nilikausha kipande cha ukubwa wa kiganja, nikakinyunyizia maji mwaka mzima. Hakikurudi."

"Kipande kimoja tu, Mwalimu."

"Ulitaka nimuue kiasi gani ndipo uamini?"

Mahali fulani nyuma yao dume wa kuruwiji aliimba, sauti mbili za chini na moja ya juu inayokatika ghafla.

"Wale makinda wanateseka," alisema. "Nimewaona. Anafungua mdomo na hakuna kinachoingia. Huyu hateseki. Akifa hatajua amekufa."

"Kwa hiyo asiyeweza kulia ndiye aende?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyohivyo, mwanangu, na si ubaya wako. Sote tunasikia kilio kwanza." Mwalimu alinyoosha mguu uliokuwa umekufa ganzi. "Mimi pia nawapenda. Mama yangu alikuwa akimsikia kuruwiji ndipo anashika mbegu za maharagwe. Usinifanye adui wa ndege wako. Lakini nikuombe jambo moja. Ukifunga, usifunge ukijiambia kwamba atafufuka. Hilo litakusaidia wewe tu. Funga ukijua unachofanya."

"Na nisipofunga?"

"Basi uende ukakae na Maghanga anapookota. Hilo nalo ulifanye ukijua."

*

Wakati wa kurudi Wawuda alipita njia ya kiota cha Mkiwa. Hakuwa na haja ya kupita pale. Ndege alikuwa amewakumbatia makinda kwa mbawa zilizolowa, na kila baada ya muda alijikung'uta, maji yakaruka, kisha akajifunika tena juu yao. Chini ya bawa la kushoto kilichomoza kichwa kisicho na manyoya, macho yamefumbwa, mdomo wa manjano umefunguka kuelekea juu.

Alipofika chumba cha mitambo Maghanga alikuwa bado yupo. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, kama mtu anayesubiri nje ya chumba cha upasuaji.

"Nasubiri idadi, Bi Wawuda," Mpimaji alisema.

Angeweza kusema milioni sitini. Hakuna ambaye angemuuliza kitu. Mashine ingependekeza, yeye angetekeleza, na hata Mwalimu angelazimika kuikasirikia mashine. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Kilichomzuia, alivyoeleza baadaye, ni kwamba halikuwa kweli, na halikuwa uongo pia, na alikuwa akitaka kulisema kwa sababu tu lingemficha.

"Sina idadi," alisema.

"Bila idadi siwezi kupendekeza."

"Usipendekeze."

"Basi uamuzi utaandikwa kwa jina lako peke yako, na Hazina haitaubeba pamoja nawe."

"Andika. Wawuda Mwaighacho amefunga ukungu. Andika na hii: anajua kuvumwani inaweza kufa yote."

Alinyanyuka akavuta swichi. Pampu zilinguruma kidogo kisha zikanyamaza, na ukimya uliofuata ulikuwa wa ajabu, kwa maana hata usingizini walikuwa wamezoea ule mngurumo. Maghanga hakushangilia. Aliinama akafunika uso kwa kofia yake.

Kufikia saa sita ukungu ulikuwa umechanika. Jua liliingia msituni kwa vipande, likagusa sakafu ya majani ambayo haikuwa imeguswa tangu mwaka uliopita, na mvuke ukaanza kupanda kutoka kwenye viota. Alasiri Bi Nasieku, mkuu wa Hazina kanda ile, alipiga simu kutoka Nairobi.

"Wawuda, kwa nini hukutoa idadi? Yoyote tu. Ingekukinga."

"Niliona hivyo pia," Wawuda alijibu.

*

Siku ya tatu mwamba ulikuwa umefifia, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Mwalimu alipanda mlima na turubai alilonunua Wundanyi, limebebwa na gari la kituo, na hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba angependa kufunika sehemu ndogo na kuitilia ukungu wake yenyewe, hata ikiwa ndogo kama mlango wa nyumba.

Wawuda alishusha sahani moja kutoka mnarani, akaiunga na betri na ndoo ya maji. Walipokuwa wanahangaika kulisimamisha turubai, Maghanga alitokea na nguzo za mianzi begani. Hakuna aliyemwita. Alizichomeka, akafunga kamba, akapanda mwamba kwa vidole vya miguu ili kukaza ncha ya juu, akijihadhari asiguse kijani hata kwa bahati mbaya.

"Wako vipi?" Mwalimu alimuuliza aliposhuka.

"Wanakula, Mwalimu. Watatu kwa Mkiwa, wawili kule. Manyoya yameanza." Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kutaja chakula mbele ya mwenye njaa.

"Vizuri," Mwalimu alisema. "Nifungie na kamba hii."

Kwa siku kadhaa turubai lilifanya kazi. Nje yake kuvumwani iligeuka kahawia, kisha ikaanza kubanduka kwa vipande, upepo ukiikokota chini kama makapi. Ndani ilibaki kijani kile kinachokaribia buluu. Wawuda alizoea kufunua upindo wa turubai asubuhi kabla ya kunywa chai, na alipoona rangi ile aliweza kula.

Kisha upepo wa nyika ulipanda kutoka Tsavo, mkavu, wa moto, siku nzima bila kupumzika. Hapakuwa na ukungu msituni wa kuupoza. Chini ya turubai pakawa tanuri. Walifungua upande mmoja, vumbi la maji likatoroka lote. Wakafunga, joto likarudi. Wawuda aliongeza sahani ya pili, kisha barafu ndani ya ndoo, kisha akasimama tu akipunga kwa kipande cha boksi. Jioni walipofunua, kijani kilikuwa kimekuwa cheusi, chenye utelezi, na kilitoa harufu ya mboga zilizosahaulika sufuriani.

Mwalimu alikitazama kwa muda mrefu.

"Ondoeni turubai," alisema. "Amalizie penye hewa."

Maghanga ndiye aliyezing'oa nguzo. Wawuda alikaa chini akitazama mikono yake, na akagundua kwamba hakumbuki ilikuwa siku ya ngapi.

*

Makinda wanne waliruka. Wa tano alianguka na kuliwa na kanu, mnyama awindaye usiku, jambo la kawaida, jambo ambalo mtu anaweza kulisamehe. Maghanga alikuja kumwambia Wawuda mwenyewe. Alisimama kwenye ngazi ya mnara, akiwa amenyoa ndevu.

"Majike ni wawili kati yao," alisema. "Majike wawili, shemeji. Siwezi kukuomba msamaha kwa hao walio hai."

"Sitaki uniombe."

"Lakini nawaza mambo. Nikimsikia anaimba nafurahi, halafu natazama kule mashariki." Wawuda aliwasha pampu alasiri hiyohiyo, na ukungu ukarudi kulala juu ya miti. Safari hii aliweka feni kubwa mdomoni mwa bonde ili uwe unasogea. Feni zile zilifika kutoka Mombasa baada ya kila kitu kuwa kimeisha. Zilifanya kazi vizuri sana. Hilo lilimnyima usingizi kuliko jingine lolote: kwamba dawa ilikuwa feni, na kwamba hakuna aliyeifikiria mapema, na yeye ndiye aliyekuwa fundi.

Walisubiri. Mwalimu alipanda kila alipoweza, akakaa kwenye kigoda chake mbele ya mwamba mtupu wa kijivu.

Masika yalipokaribia kwisha, Wawuda alipita pale asubuhi akaona kijani. Hakikuwa kingi: alama kama za vidole, kwenye nyufa za chini. Alikimbia mpaka kwenye gari, akateremka Wundanyi bila hata kufunga mlango wa kituo, akamleta Mwalimu akiwa bado na kanga ya nyumbani chini ya koti.

Mwalimu alipiga magoti taratibu. Aliweka jicho kwenye lenzi yake ndogo, lenzi karibu na jiwe.

"Si yeye," Mwalimu alisema.

"Tazama tena. Tafadhali."

"Nimetazama. Jani lake lina ncha nyeupe, unaona? Huyu ni yule wa kwenye mapipa ya maji. Yuko nyuma ya choo changu. Yuko Nairobi, yuko kila mahali penye unyevu. Amekuja na upepo akakuta nafasi." Alitaka kucheka, lakini kicheko hakikufika. "Hana kosa lolote, maskini. Nisaidie nisimame."

Baada ya mwezi mwamba wote ulikuwa kijani.

*

Hazina ilipanga matangazo ya moja kwa moja ya runinga na redio kutoka Kilulunyi. Bi Nasieku alikuja mwenyewe, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, akiwa na watu wa kamera. Alimchukua Wawuda kando kabla hawajaanza.

"Nimesoma ripoti yako. Naielewa," alisema. "Lakini nikuombe kitu kama dada. Watu wamekuwa na mwaka mbaya. Vituo vingapi tumefunga? Leo wanataka kuona sehemu moja iliyopona. Mwamba ni kijani. Hakuna anayekutaka useme uongo. Zungumza kuhusu ndege tu, kamera itapita mwambani, basi."

"Wakiuliza?"

"Hawataulizia majani, Wawuda."

Maneno hayo hayakuwa ya ubaya, na ndiyo sababu yalimkaa moyoni.

Walisimama watatu mbele ya mwamba, yeye, Maghanga na Mwalimu, na nyuma yao kijani kiling'aa vizuri sana. Maghanga alieleza habari za makinda. Wasikilizaji walipiga simu kutoka kila upande. Walitaka kujua wanakula nini, wataitwa nani, je, Mkiwa anawatambua bado. Kamera ikageuka, ikapanda mwamba polepole, na mtangazaji akasema kwamba hapo nyuma tunaona kuvumwani adimu ya Kilulunyi, ikiwa imerejea katika uzuri wake.

"Haijarejea," Wawuda alisema.

Mtangazaji alimgeukia. Bi Nasieku, kando ya kamera, alifumba macho.

"Hii ni nyingine, ya kawaida," Wawuda aliendelea. "Ile ilikufa. Ilikuwa hapa kabla ya watu. Makinda walikuwa wanakufa kwa ukungu, na ile ilikuwa inaishi kwa ukungu, na swichi ni moja. Niliifunga mimi. Mashine haikuniambia nifunge, na Mwalimu wangu alinionya. Ningerudishwa siku ile na kinda yule mbele yangu, sijui kama nisingefunga tena. Lakini imekufa, na nataka ijulikane kwamba imekufa."

Simu moja ikaingia. Mtu alijitambulisha kuwa dereva wa lori, ameegesha Mtito Andei, alikuwa akisikiliza njiani.

"Dada, samahani," alisema. Nyuma yake injini ilikuwa ikinguruma. "Hiyo iliyokufa. Nyingine iko wapi? Mlibakiza mahali?"

"Hakuna nyingine," Wawuda alisema.

"Hata mbegu?"

"Haikuwa na mbegu."

Injini ikazimwa. Walisikia upepo wa barabarani, na mlango wa lori ukifunguliwa, kana kwamba mtu yule ameona si vizuri kuongea akiwa ameketi.

"Basi poleni," dereva alisema. "Poleni sana, nyote hapo."

Wawuda alitaka kujibu kama watu wanavyojibu msibani, kwamba tumeshapoa, lakini akamgeukia Mwalimu kwanza. Mwalimu Mkawasi alikuwa ameinamisha kichwa, koti limefungwa mpaka kidevuni. Ndipo Maghanga akavua kofia, akasogea mbele ya kipaza sauti, mahali anaposimama msemaji wa familia.

"Asante, ndugu yangu," alisema. "Pole zako tumezipokea."